Aliyepima Tena: Maisha ya Bi Mwanawema Othman Mabruki wa Ole (1958–2023)

Assalaam alaykum, wazee wetu, mama zetu, majirani wa Ole na nyote mliovuka maji kutoka Unguja. Kabla hatujaifunga hitma hii, familia imeomba yasomwe maneno machache juu ya maisha ya marehemu. Yameandikwa na binti zake wawili pamoja na mdogo wake, Himid, ambaye ndiye anayewasomea. Marehemu hakupenda kusifiwa, na zaidi ya hapo hakupenda kitu kiandikwe bila kuhakikiwa. Basi kila tarehe iliyomo humu imetazamwa mara mbili, na palipo na shaka tumesema pana shaka.

Marehemu Bi Mwanawema alizaliwa Ijumaa, tarehe 4 Aprili 1958, hapa hapa Ole, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Othman Mabruki na Bi Tatu Haji. Babu yake, Mzee Mabruki, alikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu kwa msimu mmoja tu, na msimu huo haukwisha mpaka alipozikwa. Baada ya Mapinduzi baba yake alipewa eka tatu upande wa bondeni, zenye mikarafuu ishirini na saba na nafasi ya muhogo, na hizo ndizo zilizomlea. Kati yake na Himid, aliye kitinda mimba, walizaliwa watoto watatu ambao hawakuishi. Wazee husema hapo ndipo hofu ilipomwingia. Alikuwa mtoto wa kuamka alfajiri, kabla ya adhana, akaenda kuweka kiganja mbele ya pua ya mdogo wake kuona kama anapumua. Akishahakikisha hurudi kulala. Baada ya kitambo huamka, akaenda tena.

Alianza darasa la kwanza skuli ya Ole mwaka 1965, akitembea kwa miguu na kibao chake kichwani. Wengi wenu mnaijua hadithi ya mizani, lakini vijana hawaijui. Mwaka 1969, au pengine 1970, alitumwa sukari nusu kilo dukani kwa Mzee Hakimuddin, Chake Chake. Mzee Hakimuddin akapima, akamimina kwenye karatasi. Mtoto akasimama tu, haondoki.

"Unataka nini tena, mwanangu?"

"Naomba upime tena, babu. Sukari uiweke upande wa jiwe, na jiwe upande wa sukari."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, maana sukari wakati ule ilikuwa ya kupangiwa na hakuna aliyethubutu kumuudhi muuza duka. Mzee Hakimuddin akabadilisha. Mizani ikalala upande mmoja. Akaigeuza sahani ya shaba juu chini, akakuta pande la tende iliyokauka limeganda kwa chini, haijulikani limekaa hapo tangu lini. Siku nzima ile hakuuza tena. Aliwaita wateja wake mmoja mmoja akawaongezea. Tangu siku hiyo hakumwita Mwanawema kwa jina lake. Alimwita Bi Mizani, na alipofika yule binti kidato cha nne alimpa kalamu ya wino.

Mama yake, Bi Tatu, alifariki mwezi wa Julai 1975, Himid akiwa na miaka mitatu. Mwanawema alikuwa anasoma sekondari Chake Chake, na alirudi nyumbani akisema skuli basi. Alimlisha mdogo wake uji kwa kijiko, akamfulia, akamlaza. Baada ya miezi miwili baba yao alimwita uwanjani akamwambia, "Himid atalelewa na shangazi yako Time. Wewe rudi ukasome. Ukikaa hapa utamlinda mpaka umle." Akarudi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, cha sita Unguja mwaka 1978, na baada ya utumishi wa kujenga taifa akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1983. Mwaka huo huo aliajiriwa katika maabara ya utafiti Unguja, na jambo la kwanza alilofanya kwa mshahara wa kwanza ni kuja kumchukua Himid akae naye.

Kati ya mwaka 1985 na 1987 serikali ilimpeleka mji wa Merseburg, Ujerumani Mashariki, kwa mafunzo zaidi. Huko ndiko alikokutana na kazi iliyokuja kuwa kazi ya maisha yake. Mwalimu mmoja alimwonesha kikopo kinene cha chuma chenye kidirisha cha kioo. Ndani yake mlikuwa na kaboni dioksaidi, gesi ile ile tunayoitoa puani tukishusha pumzi, iliyokandamizwa mpaka nusu yake ikawa ya majimaji. Kati ya maji na mvuke palikuwa na mstari kama ule wa maji ndani ya bilauri. Wakaipasha moto polepole. Ilipofika nyuzi thelathini na moja, mstari ule ukafifia, ukapotea. Haikuwa gesi tena wala haikuwa maji. Katika barua aliyomwandikia baba yake, ambayo tunayo mpaka leo, aliandika: "Joto lenyewe si kitu, baba, ni la mchana wa Ole. Kinachotisha ni presha, zaidi ya mara sabini ya hewa tunayovuta. Niliogopa. Lakini sikutaka kuondoka dirishani."

Kwa wasiojua kazi hiyo, tueleze kidogo, maana yaliyotokea baadaye yanatokana nayo. Gesi iliyo katika hali ile hupenya kwenye jani kama moshi, na huyeyusha mafuta yaliyomo kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Ukishailegeza presha, hurudi kuwa hewa ikaenda zake, na kuyaacha mafuta peke yake, hayana harufu ya dawa wala ya kuungua. Lakini kila kilichomo ndani ya mmea kina kiwango chake cha kuyeyuka. Harufu ya karafuu hutoka upesi, kwa presha ndogo. Nta inayong'arisha jani la mkarafuu ni kaidi, hutaka presha kubwa. Swali la Bi Mwanawema kwa miaka zaidi ya ishirini lilikuwa hilo moja: kwa presha hii na joto hili, kilo moja ya gesi inachukua gramu ngapi? Ukijua, unajenga mashine yako kwa usalama. Usipojua, unabahatisha na roho za watu.

Tarehe 17 Septemba 1988 aliolewa na Mwalimu Silima Faki, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Pujini. Posa ile haikuwa nyepesi. Mwalimu Silima alipopeleka wazee, bibi harusi hakusema ndiyo wala hapana. Alimpelekea barua yenye maswali kumi na moja. La nne liliuliza, "Ukikasirika huwa unafanya nini na mikono yako?" Mwalimu Silima akayajibu kumi, moja moja, kwa mwandiko wake mzuri. Chini ya la kumi na moja, lililouliza kama ataweza kuishi na mke asiyeisha wasiwasi, aliandika, "Sijui. Tutapima." Bi Mwanawema aliwaambia binti zake kuwa lile ndilo jibu lililomwoza. Walijaaliwa watoto wawili, Mwatum na Mwanabaraka. Nyumbani alikuwa mama wa kurudi kutazama jiko kama limezimwa, akatoka, akafika njiani, akarudi tena. Mwalimu Silima hakuwahi kumcheka. Alikuwa akimsubiri barabarani na baiskeli, akisoma gazeti.

Mwaka 2008 maabara yake ilipata mashine ndogo ya kupimia kuyeyuka kwa mafuta ya mimea katika gesi hiyo. Alikuwa na miaka hamsini, na alizifungua mbao za sanduku lake kwa mkono wake. Alipima karafuu, makonyo, yaani vikonyo vyake, majani ya mkarafuu, mchaichai na mdalasini. Mwaka 2010 kampuni moja ya binafsi ilijenga kiwanda kidogo upande wa Kiuyu, cha kutoa mafuta kwenye majani ya mkarafuu yanayoanguka bure mashambani. Wakaomba vipimo. Tarehe 21 Septemba 2010 Bi Mwanawema aliwapa jedwali la kurasa mbili, lenye sahihi yake. Kwa presha waliyoitaka, nta ya jani ilikuwa gramu tatu kwa kila kilo ya gesi. Kwa tarakimu hiyo mafundi walichagua upana wa bomba la kutolea. Jedwali likatiwa fremu, likatundikwa ukutani mwa kiwanda. Himid, ambaye wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minane na alikuwa fundi wa majokofu asiye na kazi ya kudumu, akaajiriwa pale kuwa mwendeshaji wa mashine. Dada yake ndiye aliyemwombea.

Mwezi wa Februari 2011 Himid alikwenda Unguja kumtembelea, akamchukulia zawadi: bonge la nta, kubwa kama embe bolibo, la kusugulia samani.

"Tunayo nyingi, Dada. Watu wanachukua majumbani."

Bi Mwanawema akalipima kwa mkono, akalipima tena.

"Hili ni la siku ngapi?"

"La jana tu. Tena si lote."

Himid anakumbuka kuwa dada yake alikiweka chini kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni. Himid aliporudi Pemba siku ya pili, yeye alikwisha kuingia maabara. Kwa tarakimu yake mwenyewe, nta ile haikuweza kuwa nyingi kiasi kile.

Alilokuja kuligundua alilieleza baadaye kwa wanafunzi wake kwa mfano wa chai. Mtu akimimina chai juu ya sukari na kuinywa papo hapo, atasema chai hii haichukui sukari. Kumbe hakuipa muda. Katika vipimo vya kwanza gesi ilipitishwa juu ya majani kwa kasi, ikatoka kabla haijashiba. Alipunguza kasi kwa nusu, tarakimu ikapanda. Akapunguza tena, ikapanda tena. Mara ya tatu aliipitisha polepole mno, akikaa kwenye kigoda saa sita mfululizo, na tarakimu ikasimama isiongezeke tena. Gramu sita kasoro kidogo. Maradufu. Na kiwandani, ndani ya pipa kubwa la chuma, gesi hukaa na majani muda mrefu; hushiba. Ikifika kwenye bomba la kutolea na presha ikashuka, haiwezi tena kuibeba nta ile yote. Nta huanguka pale pale ndani ya bomba, kama samli inavyoganda kwenye sahani baridi. Bomba likiziba, gesi hubaki pipani na presha yake yote, na anayefungua kifuniko kutoa majani hufungua mauti.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 22 Februari, jioni. Alimpigia simu meneja wa kiwanda, Bwana Duni Khamis. Bwana Duni, mtu wa Wete, mpole na mwenye adabu, alimwambia, "Bi Mwanawema, wanunuzi wanakuja kesho. Wakishaondoka tutazungumza kwa utulivu." Akampigia Himid. Simu imezimwa. Asubuhi ya Jumatano akapiga tena tangu saa kumi na mbili, na simu ilikuwa kwenye sanduku la mlinzi, maana kiwandani simu ziliachwa getini. Mwalimu Silima alimkuta amesimama mlangoni na mkoba, viatu vimevaliwa kinyume, cha kulia mguu wa kushoto.

"Unakwenda wapi?"

"Pemba."

"Kwa jambo gani?"

"Himid anafungua kifuniko kwa neno langu. Na neno langu si kweli."

Akapanda ndege ndogo ya saa tatu. Alisema hakumbuki bahari wala mawingu. Alikuwa akihesabu bolti. Alishuka Chake Chake saa nne kasorobo, akakodi gari, na njia nzima ya kwenda Kiuyu alimwomba dereva aongeze mwendo, kisha akamwomba apunguze, kisha aongeze.

Alipoingia kiwandani Himid alikuwa juu ya ngazi ya chuma, spana mkononi. Kifuniko cha pipa kilikuwa na bolti nane. Mbili zilikwisha tolewa.

"Himid, teremka."

"Dada? Umekuja lini?"

"Teremka kwanza. Spana iache hapo hapo."

Bwana Duni akaja mbio, amevaa shati jeupe la kupokelea wageni. "Karibu, Bi Mwanawema. Ila hapa tuna haraka. Wageni wako Wete, saa nane watakuwa hapa, na tunataka wakute pipa limejazwa majani mapya. Geji ya presha iko sifuri tangu saa tatu."

"Geji ipi?"

"Hii ya bomba la kutolea. Ya pipa imeharibika, tumeagiza nyengine."

"Basi hiyo inakupa habari za bomba. Za pipa haizijui." Akawageukia mafundi. "Jana mliishusha gesi kwa dakika ngapi?"

Fundi mmoja, Bwana Nassor, akajibu, "Arobaini, Bi. Kila siku ni arobaini."

"Na leo?"

Nassor akatazama daftari lake. Akatazama tena. "Kumi na mbili."

"Gesi ya dakika ishirini na nane iko wapi?"

Bwana Duni alipangusa uso, akasema taratibu, si kwa ubishi bali kama mtu anayeomba asivunjiwe siku yake, "Lakini jedwali linasema nta ni kidogo. Bomba hili haliwezi kuziba. Sahihi yako ile pale ukutani, Bi Mwanawema."

Bi Mwanawema akaenda ukutani, akaishusha fremu ile, akaigeuza uso chini juu ya meza.

"Jedwali hili ni langu, na nimekosea. Msiliamini. Tokeni nje nyote."

Himid alikuwa bado juu ya ngazi. Wenzake walikuwa wakimtazama, na aliona haya. Tumekubaliana tusilifiche hili. Alisema, "Dada, unanifedhehesha. Bolti mbili zimetoka na hakuna kilichotokea. Mie si mtoto." Akaweka spana kwenye bolti ya tatu.

Bi Mwanawema hakupiga kelele. Alipanda ngazi ile, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyekuwa akiogopa hata ngazi ya dari nyumbani, mpaka akafika kidato cha chini ya mdogo wake, akamshika kifundo cha mguu. Mkono ulikuwa unatetemeka, na Himid aliusikia ule mtetemo mpaka mfupani.

"Huteremki, sishuki," alisema. "Kama unafungua, fungua. Tuko wote."

Himid akateremka. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba hakumtazama usoni.

Wakatoka watu wote kumi na mmoja. Kwa maelekezo yake wakafunga mpira wa maji ya moto kwenye mti mrefu, wakaupitisha dirishani, wakawa wanalimwagia bomba ili nta ilainike, wakiwa nyuma ya ukuta wa mawe. Dakika kumi, kimya. Ishirini, kimya. Bwana Duni akatazama saa yake. Wafanyakazi wawili wakaanza kunong'ona kuwa bibi huyu amepandwa na kichaa. Bi Mwanawema mwenyewe alikuwa amechuchumaa, ameziba masikio, midomo inacheza. Aliwahi kumwambia Mwatum kuwa wakati ule alikuwa akiomba mambo mawili yasiyopatana: awe amekosea mara ya pili, ili Himid asiwe amekaribia mauti, na asiwe amekosea, ili asiwe amemdhalilisha bure.

Dakika ya thelathini na tano ulitoka mshindo uliowafikia watu waliokuwa msikitini. Kizibo cha nta, kisichozidi kidole gumba, kilitoka bombani, kikalivunja gudulia la kupokelea mafuta, kikatoboa bati la ukuta wa nyuma, na Bwana Nassor alikwenda kukiokota chini ya muhogo hatua sitini kutoka pale. Gesi ikanguruma ikitoka kwa zaidi ya robo saa. Kuku wawili wa mlinzi, waliokuwa wakidonoa chini ya mlango, walilala ubavu. Aliamka mmoja. "Gesi hii ni nzito, hukaa chini," Bi Mwanawema alisema. "Asiingie mtu kabla ya alasiri." Na wageni walipofika saa nane walikuta watu wamekaa nje kwenye vivuli.

Ingependeza kusema kuwa siku ile alishukuriwa. Haikuwa hivyo. Wanunuzi waliondoka. Kiwanda kilifungwa miezi tisa, na watu arobaini na wawili wakakaa bila kazi, wakiwemo waliokuwa wakikusanya majani kutoka Ole mpaka Kiuyu. Palisemwa mengi: kwamba mwanamke mmoja na woga wake amewafungia riziki. Sokoni Chake kuna mama alimgeuzia mgongo. Ofisini aliandika mwenyewe barua ya kukiri kosa, na ingawa hakuna aliyemwadhibu kwa maandishi, mwaka ule ule aliondolewa kwenye uongozi wa maabara akapelekwa kufundisha. Jedwali la pili alilichapisha kwa jina lake. Wenzake walimshauri afute tu tarakimu za zamani. Alikataa. Aliziacha pale, safu moja ya makosa na safu moja ya sahihi, ubavu kwa ubavu, na chini akaeleza amekosea vipi, ili mwengine asikosee njia ile ile.

Na Himid hakuzungumza naye tangu Februari mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, wa mwaka uliofuata. Kiwanda kilifunguliwa Novemba 2011, bomba limepanuliwa na kuvishwa koti la maji ya moto, pipa lina geji mbili. Himid akarudi kazini. Kila siku alikuwa akilipita tundu lile la bati, lililozibwa kwa kiraka, likiwa usawa wa kifua chake. Hata walipopatana hawakuitaja siku ile. Alikwenda kwake na mkewe, wakala pamoja, akamtengenezea jokofu. Neno lenyewe hakulitoa.

Bi Mwanawema alifundisha mpaka alipostaafu, Aprili 2018, akarudi Ole kuishi katika nyumba aliyozaliwa. Wanafunzi wake wengi wamo humu ndani leo. Wanajua kuwa hakuwahi kumpa mtu alama kwa jibu lisilo na mstari wa pili unaosema lilihakikiwaje.

Ugonjwa uliomchukua ni presha, neno alilolitumia kazini maisha yake yote. Uligundulika mwaka 2014, na mwaka 2021 ukafika kwenye figo. Alikuwa mgonjwa mgumu kwa wauguzi, maana alihesabu vidonge, akavihesabu tena, akaomba na muuguzi avihesabu. Mwezi wa Januari mwaka huu Himid alimpeleka kliniki Chake Chake, na walipokuwa wamekaa barazani wakisubiri kuitwa, Himid akalitoa neno lililomkaa miaka kumi na miwili.

"Dada, siku ile ya Kiuyu mie nilikukasirikia."

"Najua."

"Nilikosa. Uliniokoa, na sikuwahi kukwambia ahsante."

Bi Mwanawema akasema, "Usinishukuru, Himid. Siku ile ni moja. Mie huzifikiri zile nyengine. Tangu niweke sahihi mpaka nilipokuja, ulikifungua kifuniko kile mara mia na kumi na mbili. Nilimuuliza Nassor, akanitazamia kwenye daftari lake. Mara mia na kumi na mbili kwa neno langu, na mie Unguja nakunywa chai. Hakuna usiku niliolala bila kuzihesabu."

Himid aliuchukua mkono wake akaushika, na safari hii haukuwa unatetemeka. Ulikuwa umechoka tu. Wakakaa hivyo mpaka jina lake likaitwa.

Tarehe 9 Machi alilazwa hospitalini Chake Chake. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne, siku ishirini na moja kabla ya kutimiza sitini na mitano. Mwalimu Silima alikuwa kando yake akimsomea Yasini. Binti zake walikuwa njiani. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri hapa Ole, ubavuni mwa mama yake.

Ameacha mume, Mwalimu Silima Faki, watoto wawili, Mwatum na Mwanabaraka, wajukuu watano, shangazi yake, Bi Time Mabruki, mwenye miaka tisini au zaidi, hapo pana shaka, na mdogo wake, Himid Othman, pamoja na wanawe wanne, wawili kati yao wamezaliwa baada ya tarehe 23 Februari 2011.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru waliomuuguza, waliomwosha, waliomchimbia na waliopika. Anayemdai kitu au neno aje kwa Mwalimu Silima. Mwenyezi Mungu ayapokee mema yake, amsamehe alipokosea, na ampe katika kaburi lake utulivu ambao hapa duniani hakuupata sana. Amin.